Muhuri wa WhatsApp: Je, Unaweza Kula Kiapo Bila Kumwona Wakili?

Ukipita Soko la Burma asubuhi, pale karibu na Barabara ya Jogoo, utaona jinsi pesa zilivyobadilika. Nyama inapimwa, inafungwa, mnunuzi anatoa simu badala ya noti. Mwenye bucha anatupia jicho ujumbe, anasema "imeingia", na biashara imeisha. Hakuna aliyejaza fomu, hakuna aliyegonga muhuri. Ndiyo maana mteja huyo huyo akiambiwa siku moja kwamba jambo fulani kuhusu pesa zake linahitaji hati ya kiapo, na kwamba lazima aende yeye mwenyewe kwa wakili, anashangaa. Mbona hii nayo isimalizwe kwa simu?

Ni swali la haki kabisa. Shida ni kwamba kuna watu wameshaanza kulijibu kwa niaba ya sheria. Tangazo lao utaliona kwenye Facebook au kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa: afidaviti kwa dakika kumi, usisumbuke kutoka kibandani, tuma picha ya kitambulisho na pesa kidogo, tutakurudishia PDF ikiwa imegongwa muhuri wa wakili. Mtu anatuma. PDF inarudi, na kweli ina muhuri. Halafu anaileta kwetu, au anaipeleka benki, au kortini, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Jibu letu ni hili: hapa Kenya, kwa sheria ilivyo tunapoandika makala haya, kiapo kinaliwa mbele ya mtu aliyepewa mamlaka ya kukipokea. Karatasi iliyogongwa muhuri bila wewe kuonekana na aliyegonga haijawa hati ya kiapo, hata kama muhuri wenyewe ni wa kweli na wakili mwenyewe ni wa kweli.

Karatasi hii inaombwa lini

Kwa mambo mengi ya kila siku hutaihitaji hata kidogo. Ukisahau nambari ya siri, ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi, ukitaka taarifa ya miezi sita ili uombe mkopo, hayo yanamalizwa kwa simu au kwa duka la huduma ukiwa na kitambulisho chako. Mtu akikuambia upate afidaviti kwanza ndipo urudishiwe pesa ulizotuma kimakosa, muulize mara mbili.

Hati ya kiapo huja pale ambapo rekodi zinapingana na hakuna mtu mwingine wa kuuliza ila wewe. Jina la kwenye laini si lile la kwenye kitambulisho kipya. Till ilisajiliwa kwa jina la mshirika wa zamani wa biashara na sasa mmeachana. Mtu amefariki akiwa na pesa kwenye simu. Katika hali kama hizo, taasisi inakuambia: andika unachojua, weka sahihi, kiapie, ili ukitudanganya iwe ni kosa la jinai. Uzito wote wa karatasi hiyo uko hapo mwishoni. Kusema uongo chini ya kiapo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Kusema uongo kwenye barua ya kawaida mara nyingi ni uongo tu.

Kwa hiyo kama kiapo hakikuliwa, karatasi hiyo haina tofauti na barua ya kawaida. Ndiyo sababu mpokeaji anaikataa, wala si kwa kukutafutia makosa.

Neno dogo lenye kazi kubwa

Sheria inayohusika inaitwa Sheria ya Viapo na Matamko ya Kisheria, Sura ya 15 ya Sheria za Kenya. Chini ya sheria hiyo Jaji Mkuu huwateua mawakili kuwa makamishna wa viapo. Hao ndio wale ambao vibao vyao unaviona juu ya ngazi za majengo ya mjini. Kuna pia wale wa Sheria ya Wathibitishaji wa Hati, Sura ya 17, ambao kwa kawaida ni mawakili waliokaa kazini kwa miaka, na kazi yao kubwa ni hati zinazokwenda nje ya nchi. Wengi wana mamlaka zote mbili, kwa hiyo mtaani tunawaita wote "wakili wa muhuri" na maisha yanaendelea.

Sheria hiyo inazungumza juu ya kiapo au tamko linalofanywa "mbele ya" kamishna. Halafu kifungu cha 5 kinamtaka kamishna aandike kwa ukweli, pale chini ya sahihi yako, ni mahali gani na ni tarehe gani kiapo kililiwa. Soma tena: kwa ukweli. Ukiwa Burma umeketi nyuma ya meza yako ya matumbo, na wakili yuko ofisini Thika, na karatasi inasema umeapa mbele yake Thika, basi sentensi ile ya mwisho ni uongo. Na ni uongo ulioandikwa na mtu ambaye kazi yake ni kukuzuia wewe usiseme uongo.

Kanuni zilizo chini ya sheria hiyo zinaongeza jambo lingine ambalo watu wachache hulijua. Kabla ya kukuapisha, kamishna anatakiwa ajiridhishe kwamba aliye mbele yake ndiye yule anayetajwa kwenye hati, na kwamba kwa kumtazama anaonekana yuko katika hali ya kuelewa anachofanya. Yaani hujalewa, hujachanganyikiwa, hujaletwa kwa nguvu na mtu aliyesimama mlangoni. Ikiwa hujui kusoma, au lugha ya hati huielewi, lazima usomewe na uelezwe hadi uelewe, na jambo hilo liandikwe kwenye hati.

Hapo mara nyingi watu huteleza hata wanapokwenda ofisini wenyewe. Hati nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha sheria, na mama wa kibanda anaweka sahihi kwa sababu ameonyeshwa mahali pa kuweka. Usifanye hivyo. Mwambie tu, "Wakili, nisomee kwa Kiswahili kabla sijaapa." Ni haki yako, na hakuna wakili wa maana atakayekasirika. Akikasirika, ngazi uliyopandia ndiyo hiyo hiyo ya kushukia.

"Lakini korti yenyewe inaapisha watu kwa video!"

Kweli. Tangu 2020, corona ilipofunga majengo, kesi nyingi Kenya husikizwa kwa video, na shahidi anaapishwa akiwa kwenye skrini. Mwaka huo huo Mahakama ilianza kupokea hati za kesi kwa mtandao hapa Nairobi. Kwa hiyo mtu anauliza, kama hakimu anaweza, kamishna anashindwaje?

Tofauti ni nani anayesimamia. Hakimu anayekuapisha kwa video yuko ndani ya kesi, ana faili mbele yake, mawakili wa pande zote mbili wanakutazama, kila neno linaingia kwenye rekodi, na akishuku kwamba kuna mtu anakunong'oneza pembeni anaweza kukusimamisha. Kamishna wa viapo hana hayo yote. Ana wewe, karatasi, na muhuri. Sheria ya Sura ya 15 iliandikwa zamani, kabla mtu hajafikiria simu yenye kamera, na haikuweka utaratibu wa kuchukua nafasi ya kukutana ana kwa ana: haisemi kitambulisho kikaguliwe vipi kwa mbali, video ihifadhiwe wapi, kwa muda gani, wala mahali pa kiapo paandikwe vipi kama watu wawili wako sehemu mbili.

Kuna pia mkanganyiko mwingine, nao una msingi wa kweli ndani yake. Mwezi Machi 2020 ilipitishwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara, iliyofungua mlango mpana kwa sahihi za kielektroniki katika mikataba na hati nyingine. Kabla yake, tangu 2009, Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ilikuwa tayari imezitambua sahihi hizo na kuipa Mamlaka ya Mawasiliano kazi ya kuwapa leseni wanaozithibitisha. Kwa hiyo mkataba wa kukodisha kibanda, makubaliano ya mkopo, makubaliano ya kumuuzia mwenzako friji la bucha kwa awamu, hayo mnaweza kuyatia sahihi kwa mtandao. Watangazaji wa afidaviti za dakika kumi hupenda sana kuitaja sheria hiyo ya 2020.

Ila sahihi ni jambo moja, kiapo ni jambo jingine. Sahihi inasema: mimi nimekubali. Kiapo kinasema: mimi nimesimama mbele ya mtu huyu, amenitambua, amenisikia nikiapa, na yeye anashuhudia hivyo. Kubadilisha namna ya kuweka sahihi hakukubadilisha nusu ile ya pili. Wosia nao uliachwa kabisa nje ya sheria ya sahihi za kielektroniki, kwa hiyo usije ukaandika wosia kwenye WhatsApp ukadhani mashahidi wawili watapatikana kwa kubonyeza dole gumba juu.

Tusifiche upande wa pili. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, Amri ya 19, zinairuhusu korti kuipokea hati ya kiapo hata kama ina kasoro za umbo, kwa mfano jina la mhusika limeandikwa vibaya pale juu. Majaji hawatupi hati kwa ajili ya kila doa. Lakini kasoro ya umbo ni kitu kilichoharibika kwenye kiapo ambacho kililiwa. Kama hakikuliwa, hakuna cha kusamehewa.

Wenzetu walivyofanya

Si kwamba kiapo cha mtandaoni ni jambo lisilowezekana. Linawezekana, na kuna nchi zinalifanya kila siku. Tofauti yao na lile tangazo la WhatsApp ndiyo inayofundisha.

Marekani, jimbo la Virginia ndilo lililotangulia: sheria yake ilipitishwa 2011 na ikaanza kazi Julai 2012. Leo zaidi ya majimbo 40 yana sheria za aina hiyo. Mthibitishaji na mteja wanaonana kwa video, moja kwa moja, si kwa kutumiana picha. Utambulisho hukaguliwa kwa njia zaidi ya kutazama kadi tu. Muhuri wa kielektroniki unafungwa na hati kwa namna ambayo mtu akibadilisha hata herufi moja baadaye, inajulikana. Na kikao chote kinarekodiwa. Virginia inataka rekodi itunzwe kwa miaka isiyopungua 5. Mtu akikana kesho kwamba hakuapa, video ipo.

Mkoa wa Ontario, Kanada, uliweka kanuni zake zikaanza Agosti 2020. Hapo kuna jambo tunalolipenda kwa usafi wake: hati lazima iseme wazi kwamba kiapo kililiwa kwa mbali, na itaje alipokuwa mwapaji na alipokuwa kamishna. Hakuna kujifanya mlikuwa chumba kimoja. Ule uongo wa Burma na Thika tuliousema juu unaondoka, kwa sababu sheria imewapa watu nafasi ya kusema ukweli.

Afrika Kusini walipitia njia nyingine. Kampuni moja ilikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria ikiomba itamkwe kwamba kuapa "mbele ya" kamishna kunaweza kuwa kwa video. Mwaka 2024 mahakama ikakataa. Ilisoma maneno yale kwa maana yake ya kawaida, kwamba watu wawe mahali pamoja, na kwamba kazi ya kubadilisha hilo ni ya Bunge. Uamuzi huo haufungi mikono korti za Kenya, lakini maneno ya sheria yao na yetu yanafanana mno, na mtu anayekuuzia muhuri wa mtandaoni hapa Nairobi hawezi kukuahidi kwamba hakimu wa Makadara atasoma vingine.

Majirani zetu wa Tanzania nao, katika sheria yao ya Sura ya 12, wana sharti kama letu la kuandika kwa ukweli mahali na tarehe. Tunalitaja kwa ajili ya wale wanaofanya biashara kupitia Namanga.

Baba amefariki, binti yuko Doha

Hapa ndipo watu huumia zaidi, kwa hiyo tukae kidogo.

Tuchukue mfano. Mzee alikuwa na bucha Burma kwa miaka mingi. Soko lenyewe lina historia; wazee husema jina lilitokana na askari waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, na vibanda kadhaa vimepita kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila karatasi za maana. Mzee anafariki. Ana pesa kwenye simu, ana kiasi benki, ana haki ya kibanda. Watoto ni wanne: wawili wako Kaloleni, mmoja yuko Kakamega, na binti wa mwisho anafanya kazi Doha.

Jambo la kwanza ambalo familia nyingi hufanya ni kosa: mtu mmoja anajua nambari ya siri ya mzee, anatoa pesa zote kabla ya matanga kuisha. Inaeleweka, mazishi ni gharama. Lakini Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tukijulishwa kuhusu kifo, tunaifunga akaunti hadi msimamizi wa mirathi ajitokeze na karatasi. Tunajua inaudhi. Inamlinda yule mtoto ambaye hakuwepo chumbani siku ile.

Ili kupata karatasi hizo, familia huanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, kisha ombi linapelekwa kortini likiwa na hati za kiapo. Warithi wengine hutakiwa kuonyesha kwamba wamekubali fulani awe msimamizi. Hapo sasa, binti wa Doha. Kaka mkubwa anaambiwa na mtu fulani, "Mkubwa, usijisumbue. Nitumie kitambulisho cha dada yako tu, tutaweka sahihi hapa na kugonga muhuri. Nani atajua?"

Binti atajua. Labda si leo, na labda leo ana furaha tu kwamba mambo yanasonga. Lakini miaka miwili baadaye wakikosana juu ya kodi ya kibanda, wakili wake atauliza jambo moja dogo: siku hati hii ilipodaiwa kuapiwa Nairobi, mteja wangu alikuwa wapi? Pasipoti ina mhuri wa uhamiaji. Tarehe ziko pale. Korti ikiona kwamba usimamizi ulipatikana kwa udanganyifu, sheria inairuhusu kuufuta, na pesa zilizokwisha kugawanywa zinaanza kutafutwa. Na kaka hana tena wa kumlaumu, maana karatasi ina jina lake.

Njia iliyo salama ni ndefu kidogo tu. Binti anatumiwa hati kwa barua pepe, anaichapisha huko huko, lakini haweki sahihi bado. Anaenda nayo, pamoja na pasipoti yake, kwenye ubalozi wa Kenya Doha, na anaweka sahihi mbele ya ofisa. Ni vivyo hivyo kwa walioko Riyadh, Abu Dhabi, Muscat au Kuwait. Halafu hati yenyewe, ile ya karatasi, inarudi Nairobi. Apige simu kwanza kujua siku za huduma hiyo na ada, kwa sababu kuomba ruhusa kwa mwajiri wa Ghuba si mchezo, na asingependa kwenda mara mbili.

Na kama mrithi yuko Marekani au Kanada, mahali ambapo kiapo cha mtandaoni ni halali? Hati inaweza kuwa halali kabisa huko na bado ikazua maswali huku. Kabla hajalipa, wakili wa familia aulize masjala ya korti itakayoipokea kama wataikubali. Kama jibu halieleweki, aende kwa mthibitishaji wa ana kwa ana. Tofauti ya bei ni ndogo kuliko gharama ya kurudia.

Ile picha ya kitambulisho

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba mwenye tangazo ni wakili mvivu. Mara nyingine si wakili kabisa, na hata haja ya afidaviti yako hana.

Hebu tazama anachokuomba. Picha ya kitambulisho, mbele na nyuma. Picha yako ukiwa umekishika. Nambari ya simu. Tarehe ya kuzaliwa. Jina la mama, "kwa ajili ya fomu". Mfano wa sahihi yako kwenye karatasi nyeupe. Halafu unamtumia pesa, kwa hiyo anajua laini yako inafanya kazi na ina jina gani. Mtu mwenye vitu hivyo vyote ana karibu kila kitu cha kwenda kujaribu kubadilisha laini yako kwa jina lako, na akifaulu, ujumbe wako wote unaingia kwake. Sisi tunaoshughulika na pesa za simu, tukiona orodha ile, hatuoni ofisi ya wakili. Tunaona maandalizi ya wizi.

Dalili yake kubwa ni simu kupoteza mtandao ghafla wakati majirani wako wa kibanda wana mtandao. Hilo likitokea baada ya kutuma kitambulisho chako kwa mtu usiyemjua, usingoje jioni. Azima simu, utupigie, tufunge akaunti, na uijulishe kampuni ya laini. Kisha ukaripoti polisi na kuchukua nambari ya OB. Na kama baadaye utakwenda tena kwa wakili wa kweli, atakitazama kitambulisho chako mkononi na kukurudishia. Akitaka nakala, unayo haki chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kumuuliza ni ya nini.

Nambari ya siri, ni wazi, hakuna hati ya kiapo duniani inayoihitaji.

Ukiwa Burma na unahitaji muhuri wa kweli

Huhitaji kwenda mbali. Korti za Makadara ziko hapo kwenye Barabara ya Jogoo, na palipo na korti hapakosi mawakili wenye mamlaka ya kuapisha. Mahakimu nao wanaweza kupokea matamko ya kisheria. Ukienda asubuhi, kabla wateja wa chakula cha mchana hawajaanza kuja, unaweza kurudi kibandani kabla ya saa nne.

Kuna sehemu za kazi hii ambazo kweli zinaweza kwenda kwa mtandao, na tunakushauri uzitumie. Wakili anaweza kukuandikia rasimu na kukutumia kwa WhatsApp uisome. Unaweza kumrekebisha jina, nambari ya kibanda, tarehe. Unaweza kumlipa kwa simu, na ujumbe wa malipo ukawa risiti yako ya kwanza. Kinachobaki cha kufanya ana kwa ana ni dakika chache: kutambuliwa, kuapa, kuweka sahihi. Ni kama cheti cha tabia njema. Unajaza ombi kwenye eCitizen ukiwa kitandani, lakini vidole vyako lazima uvipeleke mwenyewe.

Usiweke sahihi nyumbani. Hili huwaponza hata watu waangalifu, wanadhani wanaokoa muda.

Kabla ya kulipa, mtafute wakili kwa jina kwenye orodha ya mtandaoni ya Chama cha Mawakili Kenya, ambayo huonyesha kama ana leseni ya kufanya kazi mwaka huu. Leseni hiyo hutolewa kila mwaka, kwa hiyo cheti kilichowekwa fremu ukutani hakitoshi. Ukiwa na wakili wako mwenyewe katika jambo hilo hilo, usishangae akikutuma ukaapishwe na wakili mwingine: sheria inamkataza kamishna kupokea kiapo katika shauri ambalo yeye ndiye wakili wa upande mmoja, au ambalo ana maslahi ndani yake. Anayekuambia "nitaandika, nitakutetea, na nitakuapisha mimi mwenyewe" hajui kazi yake au anatumaini wewe hujui.

Ukiambatisha taarifa ya malipo ya simu, na mara nyingi utaiambatisha, kila kiambatisho kinapewa alama yake ya herufi na kugongwa muhuri kwenye hati. Chukua taarifa rasmi kutoka kwetu badala ya picha za skrini. Kama hati inakwenda kortini, mwambie wakili akuandalie pia cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza rekodi hiyo ya kielektroniki ilitolewa vipi na kwa kifaa gani. Bila cheti hicho, upande wa pili una pa kushika.

Kisha itazame sehemu ya mwisho kabla hujashuka ngazi. Mahali paandikwe palepale mlipo. Tarehe iwe ya leo. Muhuri uonyeshe jina la kamishna na liweze kusomeka, si doa la buluu. Sahihi yake iwepo kando ya muhuri, kwa sababu muhuri peke yake unaweza kugongwa na karani yeyote aliyeachiwa ofisi. Kimoja kikikosekana, kirekebishwe hapo hapo ukiwa bado umesimama mbele ya meza yake. Ukishafika Burma, itabidi upande matatu tena kurudi.